Tangawizi, mdalasini na tumbo la hedhi: soma hii kabla hujachapa lebo ya "dawa ya chango"



Wiki mbili zilizopita kijana mmoja wa huku milimani Same alinitumia picha kwa WhatsApp. Ana ekari moja na nusu ya tangawizi. Msimu huu madalali walimpa bei ya mbichi iliyomkata maini, akaamua hauzi. Akaikata, akaikausha, akaisaga, na sasa anataka kuifungasha kwenye pakiti za gramu 100. Mimi kama bibi shamba wake nilifurahi, maana hayo ndiyo ninayoyapigia kelele kila siku. Halafu nikaikuza picha nikasoma lebo. Juu kuna jina la biashara yake, katikati tangawizi nzuri ya kuchora, chini kwa herufi nyekundu: INATIBU CHANGO NA MAUMIVU YOTE YA HEDHI. Hela ya kuchapa lebo elfu moja alikuwa nayo mkononi.

Nikamwandikia: "Mdogo wangu, usichape kwanza."

Akajibu haraka: "Dada, bila maneno hayo mzigo hautoki. Wanaoniulizia ni akina mama na mabinti, na wote wanaulizia chango."

Kwenye soko hakukosea. Pita gulio lolote, usikilize wanawake wanavyonunua tangawizi kavu, mdalasini na karafuu. Wapo wanaonunua kwa ajili ya chai na pilau, na wapo wanaoinama kidogo na kuuliza kwa sauti ya chini. Hawa wa pili ni wengi. Siku ile nilikuwa kwenye bodaboda, sikumjibu vizuri. Leo namjibu, na wengine wote mnaosindika viungo na mafuta ya kunukia mnisikilize. Akina kaka msikimbie. Unayemuuzia mtu kitu cha tumbo lake lazima ulijue tumbo lenyewe.

Maumivu haya yanatoka wapi

Mimi siyo daktari, lakini hili nimelisoma na limenihusu mwenyewe tangu nina miaka 14. Kila mwezi mfuko wa uzazi hujiandaa kupokea mimba. Isipotunga, ngozi laini iliyojengeka ndani yake hubomoka na kutoka kama damu. Inapobomoka hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini. Kazi yake ni kuuamuru msuli wa mfuko wa uzazi ujibane ili usukume damu nje. Mwenye prostaglandini nyingi, msuli wake hubana kwa nguvu zaidi, mishipa ya damu iliyomo hubanwa nayo, msuli unakosa hewa, na hapo ndipo maumivu yanapopanda. Kemikali hizo hizo zikisambaa ndiyo sababu wengine wanaharisha, wanatapika au kichwa kinawauma.

Maumivu ya namna hii, ya kawaida, yana tabia zake. Huanza mwaka mmoja hivi baada ya binti kuvunja ungo, wakati mzunguko wake umeanza kukaa sawa. Kila mwezi huja siku damu inapoanza au saa chache kabla, hukaa siku moja hadi tatu, kisha huondoka. Na mara nyingi hupungua jinsi miaka inavyokwenda. Zishike tabia hizo kichwani, nitazirudia huko chini.

Nikiwa chuo cha kilimo tulikuwa na zamu za shamba. Asubuhi moja ya kuvuna karoti nililala chini ya mti wa mparachichi, nimejikunja kama jongoo. Msimamizi wetu akasema mbele ya wenzangu kwamba nimekwepa kazi, akanikatia alama. Sikuwa na la kumjibu. Sasa na wewe mwenye vibarua kumi wa kupalilia na kufungasha, nusu yao wanawake, jua kwamba kuna siku mmoja wao hatafika au atafika akiwa hajiwezi. Mpe kazi ya kukaa, kuchambua au kupima, na choo chako kiwe na maji na mlango unaofungika. Hilo halikugharimu kitu ukilinganisha na kumpoteza mtu aliyeshazoea kazi.

Kabla ya mmea, joto

Nyumbani bibi yangu alikuwa anakaanga chumvi ya mawe kwenye kikaango kikavu, anaifunga kwenye kipande cha kanga, anaipima kwanza kwenye mkono wake mwenyewe, kisha ananikanda chini ya kitovu na kiunoni. Nilikuwa nadhani ni mambo ya kizamani. Kumbe joto ni kati ya vitu vilivyojaribiwa vizuri kwa maumivu haya. Joto la nyuzi 40 hivi likikaa juu ya tumbo, msuli hulegea na damu hupita. Kuna majaribio yalilipima dhidi ya vidonge vya maumivu, na joto likaonekana linakwenda sambamba navyo.

Mpira wa maji ya moto unafaa, na mchele uliopashwa ukafungwa kwenye soksi nene nao unafaa. Chupa ya soda iliyojazwa maji ya kuchemka haifai, inajikunja na kumwagika, na nimeona binti aliyebabuka paja kwa sababu hiyo. Weka kitambaa katikati, usilale nayo usingizi mzito, na ikikuchoma ngozi hiyo imepita kiasi.

Ninaanza na joto makusudi. Halina lebo na halina bei, na mteja wako akikuuliza msaada wa haraka, kumwambia ukweli huu hakukupunguzii chochote. Atakuamini utakapomwambia habari ya tangawizi.

Tangawizi inafanya kazi gani hasa

Tangawizi ina vitu viwili vikuu vinavyowasha, jinjeroli kwenye mbichi na shogaoli inayoongezeka unapokausha. Vitu hivi hupunguza utengenezaji wa zile prostaglandini nilizozitaja. Ni njia inayofanana na ile ya vidonge kama ibuprofeni, ila kwa upole zaidi.

Watafiti wa nchi mbalimbali wamewapa wanawake unga wa tangawizi kwenye vidonge vya ganda, wengine wakapewa ganda lenye unga usio na kitu, bila kujua nani kapata nini. Kiwango kilichotumika zaidi ni kati ya miligramu 750 na 2,000 kwa siku, kwa siku tatu au nne za mwanzo wa hedhi. Waliopata tangawizi kwa jumla walipata nafuu kuliko waliopata ganda tupu, na majaribio mengine yaliona nafuu inakaribiana na ya ibuprofeni. Mwaka 2016 mtandao wa Cochrane, ambao kazi yao ni kupitia tafiti za wengine na kuzipekua, waliitaja tangawizi kati ya vitu vichache vyenye dalili ya kusaidia. Lakini walisema pia kwamba tafiti zenyewe ni ndogo na ubora wake ni wa chini. Kwa hiyo ukiulizwa, jibu la haki ni kwamba inasaidia wengi, haisaidii wote, na nafuu yenyewe ni ya kupunguza. (Na hebu fikiria, utamdanganyaje mtu kwamba kanywa tangawizi wakati hajanywa? Ndiyo maana wanatumia ganda.)

Kwa matumizi ya nyumbani, kijiko cha chai nusu cha unga ni kama gramu moja. Gawanya mara tatu au nne kwa siku, kwenye maji moto au uji, ukianzia siku damu inapoanza, au siku moja kabla kwa mwenye mzunguko unaotabirika. Ukitumia mbichi, kipande cha ukubwa wa ncha ya kidole gumba kimekaribia gramu moja ya kavu. Kiponde na ukichemshe dakika kumi sufuria ikiwa na mfuniko, maana harufu inayotoka ndiyo mali yenyewe. Kunywa baada ya kula. Tumbo tupu litakuwasha, na mwenye vidonda vya tumbo atajuta.

Wapo wasiotakiwa kutumia kiwango hiki bila kumuuliza daktari: anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarin, mwenye mawe kwenye nyongo, anayejiandaa kwa upasuaji, na anayehisi ana mimba. Tangawizi ya kwenye chai ya kawaida haina neno. Ninazungumzia kiwango cha dawa.

Mdalasini nao umejaribiwa. Nchini Iran wanafunzi wa kike walipewa mdalasini, wengine ibuprofeni, wengine ganda tupu, na matokeo yakachapishwa 2015: mdalasini ulipunguza maumivu kuliko ganda tupu, lakini ibuprofeni iliushinda. Kwetu kuna faida moja ambayo vijana wa Muheza na Unguja mnaipuuza. Mdalasini wetu kwa sehemu kubwa ni ule halisi, wa gome jembamba linalojiviringa kama sigara. Ule mzito wa gome nene unaoingizwa kutoka Asia una kumarini nyingi, na kumarini ikizidi siku nyingi hudhuru ini. Mteja anayekunywa kila mwezi anahitaji wa kwako, basi mwambie tofauti hiyo, ni ya kweli na inauza.

Shamari na uwatu pia vina tafiti zake, chache. Uwatu harufu yake hutoka hadi kwenye jasho, mwambie mteja mapema asije akadhani anaumwa. Mnanaa, mchaichai na kamomili ninavinywa kwa sababu vinatuliza na vinalaza usingizi, na siku hizo usingizi ni nusu ya tiba, ila siwezi kukwambia uviuze kwa maumivu.

Na kidonge siyo dhambi. Wapo wanaodhani ukishachagua vya asili umekula kiapo cha kutogusa panadol. Anayehitaji ibuprofeni na hana vidonda vya tumbo, pumu wala tatizo la figo, aulize duka la dawa, anywe pamoja na chakula. Tangawizi haitamnunia.

Mafuta ya kunukia: hapa ndipo vijana mnaumiza watu

Tangu mitambo midogo ya kukamulia mafuta kwa mvuke ianze kupatikana, kila mtu anataka kuuza chupa ya mililita 10. Sawa, biashara ni nzuri. Pemba kule Wawi kuna kiwanda kinachokamua mafuta ya makonyo ya karafuu, yaani vile vikonyo ambavyo kwingine vingetupwa. Hiyo ndiyo akili ninayoitaka. Lakini mafuta haya siyo mafuta ya nazi. Kilo mia moja za mchaichai mbichi zinakupa kama nusu kilo ya mafuta, mara nyingi pungufu. Maana yake tone moja limebeba jani jingi sana, na nguvu yake ni hiyo hiyo.

Je, yanasaidia tumbo la hedhi? Misri walifanya jaribio kwa wanafunzi wa uuguzi, likachapishwa 2013. Walikandwa tumbo dakika kumi kila siku, kwa siku saba kabla ya hedhi, kwa mafuta ya mlozi yaliyotiwa kidogo mafuta ya mdalasini, karafuu, waridi na lavenda. Mwezi mwingine walikandwa kwa mafuta ya mlozi matupu. Maumivu yalipungua zaidi kwa yale yenye manukato. Mimi ninavyoliona, nafuu ile ina mikono mitatu: kukanda kwenyewe, harufu inayotuliza moyo, na dawa inayopenya kwenye ngozi. Kuitenganisha mikono hiyo ni kazi, kwa sababu pua ya mtu huwezi kuificha. Mwenye maumivu wala haulizi ni mkono upi.

Sasa vipimo. Chukua mililita 30 za mafuta ya kubebea, ya nazi, ufuta au parachichi. Lavenda unaweza kutia matone 12, hiyo ni kama asilimia 2. Mafuta ya karafuu mwisho matone matatu, yaani nusu asilimia, kwa sababu yujenoli iliyomo huunguza ngozi. Mafuta ya gome la mdalasini usiyatie kabisa, wenzetu wa Misri walikuwa na wataalamu, wewe una jikoni kwako. Jaribu kwanza kidogo ndani ya kiwiko, usubiri hadi kesho yake. Ngozi ikiwa haijawasha, kanda chini ya kitovu kwa mzunguko wa polepole, dakika kumi, kisha weka joto lako. Kama huna lavenda, na wengi hamna kwa sababu haipendi fukuto la pwani, karafuu peke yake kwa kipimo hicho inatosha.

Hayanywewi. Naandika peke yake ili usipite haraka: mafuta ya kunukia hayanywewi. Kiasi cha kijiko cha mafuta ya karafuu kwa mtoto mdogo kinaweza kuua ini. Chupa iwe ya kioo cheusi, kwanza kwa sababu mwanga huyaharibu, pili kwa sababu mafuta ya karafuu hula aina fulani za plastiki. Iwe na kifuniko cha kudondosha, na iandikwe wazi kwamba ni ya kupaka, iwekwe mbali na watoto.

Na kuna jambo la aibu ambalo lazima nilitaje. Kuna wanaouza majani ya kujifukiza sehemu za siri, na wengine dawa za kuweka ndani, eti kusafisha chango. Mvuke huunguza na vitu vya kuweka huleta maambukizi. Kama mteja anakuletea biashara hiyo, hata kwa bei nzuri, usiingie.

Neno "chango" ndilo lililonifanya nikatae lebo

Nina mdogo wangu, binti wa mama mdogo. Alianza kulia na tumbo akiwa na miaka 15. Bibi akasema chango. Majirani wakasema chango la uzazi, akiolewa akizaa litaisha. Alikunywa mizizi, alikunywa unga, na mimi nilipoanza kazi nilikuwa namtumia tangawizi nzuri kabisa ya wakulima wangu, kilo kwa kilo. Ilikuwa inampunguzia. Ndiyo maana hakuna aliyestuka. Mwaka baada ya mwaka siku za maumivu ziliongezeka, zikaanza kuja hata kabla ya damu, zikabaki hata baada yake, na kwenda haja kubwa siku hizo kukawa mateso. Akiwa na miaka 24 alianguka kazini. Hospitali wakagundua ana endometriosisi, yaani nyama zinazofanana na zile za ndani ya mfuko wa uzazi zimeota nje yake, zinavuja damu kila mwezi mahali pasipo na njia ya kutokea.

Miaka tisa. Hakuna aliyemdanganya. Tulimpenda wote, tukampa dawa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa wanawake na wasichana karibu asilimia 10 walio katika umri wa kuzaa wana ugonjwa huu. Na neno chango limefunika mengine mengi: uvimbe kwenye mfuko wa uzazi, maambukizi ya nyonga yanayotokana na magonjwa ya zinaa, hata mimba iliyotunga nje ya kizazi, ambayo inaua kwa saa chache. Lebo inayosema "inatibu chango" inamwambia binti kama mdogo wangu kwamba ameshafika. Hana haja ya kwenda mbele.

Kwa hiyo anayekuuliza kuhusu bidhaa yako, mfikirie dhidi ya zile tabia nilizokwambia mwanzo. Kama maumivu yalianza ghafla ukubwani wakati zamani hakuwa nayo, au yanazidi mwaka hadi mwaka, au yapo hata siku zisizo za hedhi, au yanampata wakati wa tendo la ndoa, au yanamtoa shule au kazini kila mwezi hata kwa dawa, huyo aende hospitali, pakiti yako imsindikize tu. Mwenye homa pamoja na uchafu wenye harufu, mwenye kulowesha pedi kila saa, au aliyekosa hedhi kisha tumbo likamshika upande mmoja akaona kizunguzungu, huyo aende leo leo, hata kama ni usiku. Huhitaji kuwa daktari kusema hivyo. Hata mimi kwa ng'ombe nikiona dalili nisizoziweza namwita mganga wa mifugo.

Sasa turudi shambani

Kama watu watakula unga wako kwa ajili ya kupona, basi unga huo hauruhusiwi kuwa wa hovyo. Tangawizi ya kukausha ivunwe imekomaa, miezi minane hadi kumi, majani yameanza kuwa ya njano na kulala. Ile changa ya miezi mitano sita ni nzuri kwa kuuza mbichi, lakini ukiikausha inakuwa maji matupu na ukali hafifu.

Ioshe kwa maji unayoweza kuyanywa. Menya kwa kukwaruza juu juu, usichonge kama muhogo, kwa sababu mafuta yenye harufu yamekaa chini kidogo tu ya ganda na ukichonga unayatupa. Kata vipande vya unene wa milimita tatu hadi nne, vyote sawa. Anika juu ya wavu ndani ya kaushio la jua, joto lisipite nyuzi 60. Unayeanika kwenye turubai chini, kuku wanapita, umande wa usiku unarudi, nakuomba usiniite kuja kuangalia. Kipande kilichokauka kinavunjika na kulia, kikijikunja bado. Unyevu unaotafuta ni karibu asilimia 10, usizidi 12. Andaa moyo kwamba kilo tano za mbichi zitakupa kama kilo moja ya kavu, na upige bei ukijua hivyo. Wengi mnapiga bei ya kavu kwa hesabu ya mbichi, halafu mnasema usindikaji haulipi.

Ninasisitiza ukavu kwa sababu ya sumukuvu. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa mahindi yenye sumukuvu, sote tunakumbuka. Viungo navyo huingiwa na ukungu huo, na ukishasaga huwezi kuuona wala kuunusa. Kipande chenye doa jeusi au kijani kitupe, usikifiche kwenye mashine. Hifadhi vipande vikavu, saga kidogo kidogo kadiri unavyouza, maana unga hupoteza ukali ndani ya miezi michache. Ukinyunyizia kiuatilifu, zile siku za kusubiri kabla ya kuvuna zilizoandikwa kwenye kibandiko ni siku za kuhesabu kweli. Hapa mtu anakunywa mmea mzima, haumenyi kama ndizi.

Upande wa sheria nitapita haraka. Kwa Tanzania, tangawizi ya unga ikiuzwa kama kiungo ni chakula, na usalama wa chakula tangu 2019 uko chini ya TBS. SIDO watakusaidia kujiandaa kwa mafunzo na vifungashio. Ukishaandika inatibu ugonjwa fulani, umehama. Sasa unauza dawa, na dawa za asili ziko chini ya Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya 2002. Kuna kusajili, kuna kupeleka sampuli kupimwa. Inawezekana, wapo waliofanya, ila usiingie mlango huo kwa bahati mbaya kupitia wino mwekundu. Wa Kenya na Uganda mnaonisoma, ulizeni ofisi zenu kabla ya kuchapa.

Yule kijana tulikaa naye Jumamosi kwenye kibaraza cha kwao, mama yake akituletea chai ya hiyo hiyo tangawizi. Tuliandika lebo upya kwa kalamu. Tangawizi ya unga, asilimia 100, ya milimani Same. Tarehe ya kusaga. Nusu kijiko cha chai kwa siku, baada ya kula. Nilimwambia pakiti hazikatazwi kuwa na karatasi ndogo ndani, akaomba tuandike hapo jinsi ya kuchemsha na mfuniko, na mistari miwili ya "ukiwa na dalili hizi nenda hospitali". Mama yake aliichukua ile karatasi akaisoma kimya mpaka mwisho. Kisha akamwita binti yake wa kidato cha tatu aliyekuwa nyuma ya nyumba, akamwambia, "Hebu njoo usome hapa. Hiyo ya tatu, siyo wewe?"

Tuliacha habari za lebo. Jumatatu walienda kituo cha afya.